Mashahidi Watatu wa Kitunguu Saumu

Mdogo wangu, fundi cherehani, tangu utotoni hakubali kuelekezwa. Nilikuwa nikimbeba mgongoni, naye huko huko mgongoni ananionyesha njia. Aliponunua simu ya kisasa aliiweka mezani kati ya mkasi na chaki, na kila mteja aliyekuja kupunguziwa suruali akaondoka na ushauri wa afya ambao hakuuomba.

Kisha moyo ukamwangusha. Daktari akasema umechoka kusukuma damu, akampa vidonge, kimojawapo cha kupunguza maji mwilini. Kliniki mimi ndiye ninayemsindikiza, maana mkewe alishatangulia mbele ya haki na wanawe wako mbali.

Safari moja muuguzi alikuwa na maswali mapya. Walitaka kupima wagonjwa wa moyo wanaweza kiasi gani kutafuta habari za afya mtandaoni, kuzielewa na kuzichuja. Kila swali unajipa alama, moja mpaka tano. Mdogo wangu akajiweka sawa kitini kama bwana harusi. Unajua pa kutafuta? Tano. Unaelewa unachosoma? Tano. Unaweza kutofautisha habari ya kuaminika na ya uongo? Tano, na kama kuna sita aandikiwe.

Mimi nilikuwa natazama miguu yake. Amekuja na kandambili, mtu asiyetoka nje bila viatu vinavyong'aa. Na ananuka kitunguu saumu mpaka muuguzi kafungua dirisha.

Nikaomba aulizwe hiyo habari anaichujaje. Akaeleza kwa madaha kwamba yeye haamini mtu mmoja. Mpaka waitume watu watatu, tena wenye akili zao. Kwa mfano ile video ya bwana mwenye koti jeupe, anayesema maji ya kitunguu saumu yanazibua moyo na vidonge ni vya kuwatajirisha wenye viwanda. Kaletewa na shemeji, na binamu, na fundi mwenzake wa mtaa wa pili.

"Bwana mdogo," nikamwambia, "hao wote wewe ndiye uliyewatumia. Wamekurudishia mzigo wako."

Akacheka peke yake, kisha akaacha. Muuguzi akainama, akambonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Vidonge umeacha lini, baba?"

"Tangu ile video." Akanigeukia. "Dada, usiniangalie hivyo."

Nilimwangalia hivyo hivyo. Kwa watoto wa mama yetu tumebaki wawili. Nikamshika mkono, nikamwambia sina mpango wa kumzika mtu niliyemfundisha kutembea.

Muuguzi hakumkaripia. Alimwita daktari, mgonjwa akapimwa upya, akaanzishiwa tena dawa. Kabla hatujatoka, mdogo wangu akarudi mezani kwa muuguzi: lile swali la kutofautisha, aandikiwe mbili. Moja akasema ni ya kuanzia, ya pili ni ya kukubali kosa.

Jioni akaandika kwenye kundi la familia kwamba video ile isifuatwe, yeye imemvimbisha miguu. Shemeji akampa pole haraka haraka, akauliza ni mjinga gani aliyeileta.

Akanipigia simu, ajibu nini. Nikamwambia ukweli hauvunji mfupa.

"Basi ngoja nimeze dawa kwanza," akasema, "ndiyo nipate nguvu ya kumjibu."

Nikasubiri simuni mpaka niliposikia bilauri inarudi mezani.