Pikipiki Isiyosikika

Mtu wa kwanza kugongwa na pikipiki ya umeme katika soko letu la Manika ni mimi, niliyekuwa nimeisifu redioni asubuhi ileile.

Nilisema haitoi moshi, haina kelele, na betri yake ina kobalti, madini ya ardhi yetu. Nilijivuna utadhani nimeichimba mwenyewe. Mwenye pikipiki ni jirani yangu, aliyeacha kazi ya ulinzi ili abebe abiria.

Sokoni kwetu, malori ya migodi yakipita, vumbi hupanda hadi kwenye mabati. Wauzaji huipa barabara mgongo ili wakinge unga kwa miili yao, na sisi wanunuzi husimama vivyo hivyo, macho nusu yamefumbwa. Tunavuka kwa masikio. Injini isiposikika, tunajua njia iko wazi.

Sikusikia injini. Nikarudi nyuma na mihogo yangu, na punde nilikuwa nimekaa ndani ya beseni la dagaa.

"We papa wa redio!" muuza dagaa akapaza sauti. "Si weye ulisemaka haina kelele? Sasa umeisikia?"

Kifundo cha mguu kikavimba.

Mama anayewasimamia wauzaji akaamuru pikipiki hiyo isikanyage tena sokoni. Lakini abiria wa jirani yangu karibu wote hutoka hapo. Nikaenda kumtetea, mimi majeruhi, nikichechemea, nikaanza hotuba kuhusu maendeleo.

"Papa, maneno ya redio bakia nayo kule," mama huyo akanikatiza. "Weye uliangukia dagaa. Kama ni mutoto, ataangukia wapi?"

Nikaacha hotuba nikamsihi tu, jambo lililowafurahisha wote. Hatimaye akakubali jirani yangu ajaribu tena, kwa sharti moja: asikike. Jirani akaning'iniza nyuma kopo la maziwa lenye mawe. Chombo cha kisasa kuliko vyote mtaani sasa kilipita kikilia kama masufuria yanayogongana, na wauzaji wakasogea huku wakicheka.

Jana mvua ilinyesha. Matope yakaingia koponi, mawe yakanasa, pikipiki ikafika sokoni kimya kabisa. Haikumgusa mtu, ila mama yule alikuwa ameinua kichwa akaiona. Amesema atatoa uamuzi Jumamosi. Jirani yangu ameniomba nikamsemee tena, na mpaka sasa sijapata la kusema.