Mdakaji Aliyekwenda Jeddah Kujaribiwa

Juzi nilipita kwa fundi viatu, nikasikia harufu ya ngozi iliyopakwa mafuta, na papo hapo nikajiona niko kwenye kiti cha nyuma cha gari, nimepakata glavu kubwa kama mto wa kulalia.

Glavu ile ilikuwa ya Kocha Efraini, Mvenezuela aliyefundisha watoto besiboli kwenye makazi ya wageni pale Riyadh, ambako Baba alikuwa dereva. Zamani alikuwa mdakaji wa kulipwa, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira inayokuja kama risasi. Kazi hiyo ilikuwa imemzungusha nchi nyingi, na vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimepinda, kila kimoja na upande wake. Nilipenda kuvitazama akimenya chungwa.

Siku hiyo alikuwa anakwenda Jeddah kujaribiwa na timu mpya. Mimi nilikuwa nakwenda kumwona Mama, aliyehamia huko na madam wake, yule aliyemfanyia kazi za nyumbani, mtaa wa Al-Safa, akatuacha mimi na Baba kwenye mtaa wetu wa Al-Shumaisi, Riyadh. Basi ndani ya gari hakukuwa na utulivu. Mimi niliuliza tumefika wapi, na kabla sijajibiwa nikauliza tena. Kocha alifungua dirisha, akalifunga, akabadilisha redio. Kila kituo cha mafuta alishuka, akazunguka gari huku akiukunja na kuukunjua mguu wa kushoto.

"Huyu mchecheto wake umezidi wako," Baba aliniambia kwa Kiswahili, nami nikafurahi kupata mwenzangu.

Uwanjani Jeddah joto lilitoka chini kama mvuke wa sufuria. Kocha alivaa kinyago cha chuma, akachuchumaa. Alidaka kila kitu. Mara akainuka na kurusha mpira hadi upande wa pili wa uwanja, umenyooka kama uzi, na vijana waliokuwa wakingoja zamu wakaacha kuzungumza. Akachuchumaa tena, akadaka. Safari hii alipotaka kuinuka, goti lilikataa. Aliegemea mkono mchangani, akajaribu, akarudi chini.

"Mbona hasimami?" nikauliza.

Baba aliruka kamba iliyozungushwa uwanjani, akaenda moja kwa moja hadi katikati ya watu wale asiowajua, akamshika Kocha makwapani.

"Yalla, twende, kocha. Mke wangu anatungoja na chakula."

"Halas, imekwisha," Kocha akasema, taratibu, bila hasira.

Tulikula pilau ndani ya gari, nje ya geti la madam. Mama alifunga barafu kwenye leso yake, akaiweka juu ya goti la Kocha huku akimgombeza kwa Kiswahili asichokijua. "Mtu mzima na akili zako, unajiumiza kwa sababu ya mpira?" Kocha akaitikia kwa kichwa, mpole kama mtoto. Mimi nilikwepa macho yake. Nilimwonea haya, maana nilijua ameshindwa.

Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, tumesharudi Nakuru, Baba aliponiambia kwamba timu ile ilikuwa imempa Kocha kazi ya kufundisha wadakaji wao hata kabla hatujaondoka Riyadh siku ile. Aliichukua baadaye, akahamia Jeddah.

"Sasa kujaribiwa kulikuwa kwa ajili ya nini?"

"Aliwaomba yeye," Baba akasema. "Hakutaka kuambiwa kwamba amekwisha. Alitaka goti lake limwambie."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikimhurumia mtu aliyekuwa amekwenda kuaga.