Mwanangu Kanihamishia Kwenye Kundi la Wateja

Admin, nifichie jina langu, la mtoto nimelibadilisha mwenyewe, maana hapa Bagamoyo tunajuana hata kwa mlio wa kobazi.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na minne, elimu yangu darasa la saba. Nina mtoto mmoja tu wa kike, nimwite Tatu, ana miaka ishirini na tisa. Mnivumilie nikimsifu, kwa sababu hata leo sijui kumtaja bila kumsifu. Tatu anatengeneza liwa ya kusinga mwili na mafuta ya nazi ya kupaka, na kutoka jikoni kwangu mimi vitu vyake vinafika Muscat na Uholanzi. Kila Ijumaa anawaandikia wateja wake imeli kwa mtandao mmoja unaotunza anwani. Unaingiza jina, unalipangia kundi, kisha barua moja inawafikia wote wa kundi lile, kila mtu ameandikwa kwa jina lake. Kazi ya kuingiza majina kutoka daftari la oda alinipa mimi. Jirani akinipigia hodi namjibu, "Subiri kidogo bibi, nipo kwenye kompyuta."

Makundi yalikuwa matatu: Wateja, Wauzaji na Ndugu. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa moyo mweupe. Mteja aliyekuwa akinipigia simu, akaniamkia, akauliza hali ya miguu yangu, mimi nilimwona si mteja tena. Nilimtia kwenye Ndugu. Kumwacha kule na watu baki niliona ni kumvunjia heshima. Mmoja wao ni mama mwenye duka la hoteli, tulikuwa tunaitana dada.

Basi ikaja posa. Kijana mzuri, ukoo unaojulikana, na yule mama wa duka la hoteli ni shangazi yake. Tatu akaniambia, "Mama, nipe wiki mbili nifikirie. Usimwambie mtu, hata mjomba." Nikamjibu, "Mimi nitamwambia nani?" Siku ya pili yake akaenda Dar kufuata chupa.

Mimi nikabaki na kompyuta na furaha yangu. Miaka yote watu waliniuliza, "Tatu bado tu?" Nikaona niwaandikie ndugu wa Tanga na Mombasa, wao wako mbali. Nikaandika kwamba Tatu wetu amepata mchumba, tumekubali, mtuombee dua. Mashine ikaniuliza kama nina hakika, inakwenda kwa watu mia moja na arobaini. Wala sikushtuka. Nilijisemea, kumbe ukoo wetu mkubwa hivi.

Siku ya tatu baada ya barua yangu wazee wa upande wa kijana wakaja na masinia ya halua, kushukuru kwa jibu. Shangazi mtu ndiye aliyetangulia, anacheka, "Dada, mambo mazuri ndiyo unatuambia kwa imeli siku hizi?" Tatu alikuwa amesharudi kutoka Dar, yuko jikoni, mikono imejaa liwa. Akatoka, akawaamkia wote vizuri, halafu akanigeukia mimi. "Mama, mimi nilikuwa sijajibu. Na jibu langu lilikuwa hapana." Hakupaza sauti. Masinia yalirudi yalivyokuja, hata kitambaa hakikufunuliwa.

Wiki ile ile alihamia Mapinga na vyungu vyake, akapanga chumba. Nilimfuata. Alinipa shikamoo, akanipa kiti, akanipa maji, akaniuliza mvua ya Bagamoyo. Nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe." Akasema, "Nimeshakusamehe mama, nina oda za kufunga." Nikanyanyuka nikarudi nyumbani. Sikulia. Mpaka leo sijalia, napika, nakula, naswali, nalala.

Ijumaa iliyofuata nikapata barua kwenye simu: "Mpendwa mteja, Bi fulani." Na jina langu kamili la kwenye kitambulisho. Barua za kundi la Ndugu zilikuwa zinaanza na "Mpendwa wangu", ninazijua, nilizisoma zote. Kumbe amesafisha makundi, kila mtu amempeleka anapostahili, na mimi nimepelekwa huko. Miezi mitano sasa nazisoma. Ndimo nilimojua kwamba ameanza kutengeneza sabuni ya mwani, na kwamba aliumwa wiki moja ndiyo maana oda zilichelewa. Mama mzima najua mtoto wangu aliumwa pamoja na watu wa Uholanzi. Simu nikipiga anapokea, ananiamkia, anasema yupo kazini.

Ijumaa iliyopita imekuja barua ya namna nyingine. Inasema wanapunguza orodha, anayetaka kuendelea kupokea barua abonyeze hapa ndani ya siku saba, asiyebonyeza ataondolewa. Najua hiyo inapelekwa kwa wote, kuiandaa alinionyesha mwenyewe. Lakini najua pia kwamba majina ya wasiobonyeza huwa anayapitia kwa jicho lake, moja moja, kabla ya kuyafuta.

Zimebaki siku mbili. Nikibonyeza, nimekubali kwa mkono wangu kwamba mimi ni mteja wa mtoto niliyemzaa, na barua zitaendelea. Nisipobonyeza, atalikuta jina langu kwenye orodha ya kufutwa. Huenda akanipigia. Huenda akalifuta akaendelea na linalofuata, na hapo nitakuwa sina hata hizo habari za sabuni.

Nyinyi wenye watoto, na nyinyi mliowahi kuwanunia mama zenu, niambieni. Nibonyeze, au ninyamaze nione atafanya nini?