Divai Nyeupe Siku ya Posa

Nilimwambia mdogo wangu: peleka kreti za bia kama watu wote. Huku Rumonge ukienda kuposa, bia ndiyo hufungua kinywa. Wazee wakishakunywa, maneno yanajipanga yenyewe. Lakini mtu aliyezoea kuchuma zabibu za Wazungu haambiliki. Alitoka Ulaya na chupa za divai nyeupe alizozifunga ndani ya suruali zake, akatutangazia kwamba ni mchanganyiko wa zabibu za aina tatu, zote za nchi ya baridi, na kwamba joto huua harufu yake.

Sawa, joto huua harufu. Na nani alitumwa kutafuta barafu? Mimi, dada mtu. Umeme ulikuwa umekatika, nikaenda kuwabembeleza wauza samaki, nikarudi na ndoo ya barafu yenye magamba. Akaninung'unikia eti chupa zitanuka. Nilitamani kumzaba kofi.

Kibaya zaidi, divai ilikuwa nzuri. Niliionja jikoni kwa wakwe, ikanukia kama ua la mlimau, tamu kidogo halafu kali, ikasafisha koo. Hasira zikanizidi, maana nilikuwa nimejiandaa kuichukia.

Sebuleni, mama wa binti akanusa, akanywa, akatabasamu. "Hii iko na harufu ya maua. Inatoka wapi?"

Hapo ningeweza kumziba mdomo mdogo wangu kwa kiganja. Wakwe walijua anajenga nyumba hapa karibu, Gatete. Kwamba atamchukua binti yao kwenda Ulaya, tulijua sisi watatu tu: yeye, binti na mimi. Nilikuwa nimemsihi tukubaliwe kwanza, hayo yazungumzwe baadaye polepole. Lakini ukimsifia divai yake, husahau hata jina lake.

"Inatoka kwetu, mama. Kule milimani, baridi sana. Tutakaa karibu na mashamba yenyewe, mimi na yeye."

Kwetu, anasema, yeye aliyezaliwa hapa, akakuzwa kwa mawese na vidagaa vya ndagala.

Yule alikuwa binti pekee wa mama huyo. Mama akaitazama glasi yake muda mrefu, nami nikajua posa imekufa. Kisha akaninyooshea ile glasi.

"Niongezee," akasema. "Nijue harufu ya kule munamupeleka mutoto yangu."

Nikamimina bila kumtazama usoni. Mdogo wangu alikuwa anacheka kwa furaha, mjinga yule, akidhani divai imependwa.