Tulivyopiga cherehani bila nguo, Kamembe 1996

Wakuu, amani kwenu.

Nimesoma humu mijadala mingi juu ya vijana wa miji yetu kukosa ajira. Naomba niwasimulie tulivyokosa kazi sisi, hapa Kamembe, Rusizi, Rwanda. Ni mambo niliyoyaishi mwenyewe; sitaongeza chumvi. Tarehe nazikumbuka, maana nilisoma ukubwani, na aliyesoma ukubwani hachezei alichokipata.

Mume wangu alifariki mwaka 1995, akaniachia watoto watatu na cherehani ya miguu. Nikaipeleka kwenye barza ya duka la Mzee Saidi, tulikokuwa mafundi wanne, sote wanawake.

Wateja wetu walitoka Bukavu, upande wa Zaire. Walivuka daraja la mpakani asubuhi na vitenge vyao, wakala sambusa wakingoja, wakarudi jioni wamevaa nguo mpya. Hadi leo nikisikia harufu ya kitenge kipya, nawakumbuka.

Oktoba 1996 vita vikafika Bukavu. Tulisikia mabomu ng'ambo, kisha hakuvuka mteja tena.

Siku za kwanza tulipiga soga tu. Mzee Saidi akatoka dukani.

"Bamaman, barza yangu haiko hospitali, bantu banakaa tu kungoja. Nafasi ni ya mwenye kufanya kazi. Kisha Idi, nitaweka makala hapa."

Yaani Idi ikipita angeweka magunia ya mkaa. Tuliogopa. Mteja angenipata wapi kule mlimani ninakoishi?

Kesho yake nikatoa uzi kwenye sindano, nikaanza kupiga mashine tupu. Zaina, fundi wa kulia kwangu, akacheka.

"Maman Yusufu, unashona upepo?"

"Miguu ikisahau, we ndo utaifundisha?"

Kisha naye akatoa uzi wake. Kufikia adhuhuri tulikuwa tunapiga wote wanne. Wapita njia walidhani kuna harusi kubwa inakuja.

Mzee Saidi si kwamba hakuona. Alituchungulia, akarudi ndani.

Tulifanya hivyo wiki nyingi. Watoto wangu walikula viazi vitamu vya dada yangu wa Nyakarenzo. Lakini niseme kweli, sijapata kucheka tena kama nilivyocheka kwenye barza ile.

Januari 1997, Ramadhani imeanza, akaja Maman Beatirisi, mteja wangu wa Bukavu. Zamani alikuwa mnene haswa. Sikumtambua mpaka alipofungua mdomo. Gauni nililomshonea amelifunga kiunoni kwa kamba.

"Nilisikia mashine tangu kule chini, nikajua muko. Unipunguzie hii robe. Na ingine mbili."

Zaina ndiye aliyethubutu kuuliza.

"Maman, ile mwili yote uliiacha wapi?"

"Mu njia ya kukimbia vita. Itanifuata pole pole."

Akacheka yeye kwanza.

Nilipitisha uzi kwenye sindano. Siku zilizofuata wakaja wengine, na karibu kila mmoja alitaka kupunguziwa. Idi ikapita, mkaa haukuletwa.

Somo langu ni dogo. Asiye na kazi si mvivu. Sisi tulikuwa na mikono, vita vikatunyang'anya wateja. Ila tulikaa pale ambapo kazi ingetukuta.

Na jambo moja zaidi: kitambaa kilichozidi hatukukikata. Tulikikunja ndani ya mshono. Mwaka 1999 Maman Beatirisi alirudi, mwili umeshamfuata, nikamfumulia magauni yote matatu.

Nanyi mliowahi kukosa kazi, mikono yenu mliishughulisha na nini? Andikeni, nitasoma kila jibu.