Kitanda cha Binti wa Murongo

Binamu yangu alipiga simu kutoka Murongo kunieleza kuwa binti yake amechaguliwa kujiunga na chuo kikuu, na si chuo chochote, bali hiki hiki ninachofundisha mimi. Kabla sijampongeza, alishaniambia siku ya ibada ya shukrani na kitoweo kitakachopikwa. "Ukiniletea visingizio vya kusahihisha mitihani," alisema, "nitajua umeshatuacha." Nilikuwa likizo nyumbani Nyakakika, kwa mama yangu. Sikuwa na kisingizio.

Inafaa nieleze undugu wetu, maana yote yaliyotokea yanatoka humo. Mama yake ni shangazi yangu. Binamu yangu alipomaliza darasa la saba alitolewa kwao Kyerwa akaja kukaa kwetu, ili baba yangu, aliyekuwa bwana shamba mwenye mshahara, "amsaidie." Huku kwetu ndivyo ilivyokuwa, na bado ndivyo ilivyo. Mtoto wa nyumba yenye upungufu huenda kukaa kwenye nyumba yenye nafuu, hula wanachokula wenzake, na kwa shukrani hushika kazi. Hakuna aliyemtesa. Alilala chumba kimoja nami. Ila asubuhi nilipovaa sare, yeye alichukua ndoo, na jioni nilipofungua vitabu, yeye alikaa jikoni akimenya ndizi, vidole vyeusi kwa utomvu. Baba alikusudia kumtafutia shule mwaka uliofuata. Mwaka uliofuata ulipita kama ile mingine. Mimi nikaenda sekondari, nikaenda chuo. Yeye akaolewa Murongo, akaanza kuuza vitenge na sabuni kwa watu wanaovuka mpaka. Ananizidi mwaka mmoja, ndiyo maana namwita dada. Yeye, akitaka kunichokoza, huniita profesa, cheo ambacho sina.

Siku ya shukrani, tulipotoka kanisani, wanaume walikaa nje na mtungi wao wa rubisi, pombe ya ndizi. Sisi tuliingia ndani. Aliniletea kisahani cha kahawa za kutafuna, kama mgeni anavyostahili, akakaa karibu nami.

"Profesa, nina ombi."

"Sema, dada."

"Huyu mtoto atakaa kwako. Nimesikia yule msichana wako wa kazi kaondoka. Basi Mungu kapanga mwenyewe. Atafua, atapika, wanao watalelewa na damu yao. Na chuo si kipo karibu na mlango wako?"

"Dada, hilo nalo la kuombwa?" nilisema. "Aje."

Akanipiga paja kwa furaha. Na mimi, nisifiche, nilifurahi kuliko yeye. Tangu msichana wangu aondoke nilikuwa naamka gizani, naunguza uji, nachelewa kipindi changu cha kwanza. Kahawa ilikuwa bado mdomoni mwangu na tayari nilishamwona yule binti jikoni kwangu, mtulivu, mwaminifu, ndugu.

Nilikwenda jikoni kumpongeza. Alikuwa ameinama anafunika chungu cha ndizi kwa majani ya mgomba.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mama amekwambia?"

"Ameniambia. Asante sana." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Wanao huwa wanaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu."

"Uji wao wa ulezi au wa mahindi? Na yule mdogo, mama anasema huwa hali mpaka abembelezwe."

Nilimjibu yote. Kisha nikamuuliza, "Na habari za chuo je? Huna swali?"

Alitabasamu akikitazama chungu. "Chuo nitakikuta huko huko, mama mdogo."

Hapo ndipo aibu iliponishika. Msichana aliyefaulu kuliko wote wa shule yake alikuwa anajiandaa, kwa bidii yake yote, kuwa msichana wangu wa kazi. Na mimi ndiye niliyekuwa nimemfanyia usaili.

Ningekuwa mtu asiyejua, ningejisamehe. Lakini kwenye vikao vya chuo mimi ndiye ninayelisemea jambo hili mpaka wenzangu wanatazama saa. Huwaambia hivi: kumfungulia mlango mtoto wa mkulima si kazi yote. Darasani wote hukaa benchi moja na kumsikiliza mwalimu mmoja. Baada ya saa kumi ndipo wanapoachana njia. Mmoja anakwenda maktaba, anakaa na wenzake, wanarudia somo kwa lugha wanayoielewa, anauliza alichoona aibu kuuliza darasani. Mwingine anakimbilia kwa ndugu aliyemhifadhi, akapike. Mwisho wa mwaka tunasema wa kwanza ana akili na wa pili hakujituma. Ndiyo maana nimekuwa nikidai vitanda vya bwenini, ambavyo havitoshi, wapewe kwanza wanaotoka mbali na wasio na kitu, kwa utaratibu unaojulikana na wote. Wengi walikubaliana nami. Mimi mwenyewe nilikubaliana nami, mpaka uji wangu ulipoungua.

Nilirudi ndani. Binamu yangu alikuwa anapanga sahani.

"Dada, nimefikiri upya. Heri akae bwenini."

Alisimama na sahani mkononi. "Umesema aje. Sasa hivi. Kahawa hata hujameza."

"Nilikosea."

"Umemwona jikoni ukamwona mshamba?"

"Hapana, dada. Nimemwona mwenye akili. Akikaa kwangu atasoma saa ngapi?"

"Atasoma watoto wako wakilala!"

"Wakilala atakuwa amechoka kuliko wao." Nikamweleza taratibu, kama ninavyoweza kueleza, habari za maktaba na makundi ya kusoma jioni. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza bei asiyoiamini.

"Mimi nilikaa kwenu," alisema. "Nilikula, nilivaa. Nani alinionea?"

"Hakuna. Lakini ulisoma lini?"

Nilitaka kuyameza maneno hayo yalipotoka. Aliiweka sahani chini. Kisha, jambo ambalo sikulitarajia, akacheka.

"Wewe ulikuwa unasoma kwa sauti, unakumbuka? Kama mhubiri! Mimi jikoni na ndizi zangu. Nilikuwa naomba koo likukauke."

"Kumbe!"

"Kabisa. Nikamaliza kwa amina." Kicheko kikaisha. "Bwenini hana ndugu. Akiumwa? Akikosa kitanda?"

"Akikosa, atakaa kwangu kama mgeni."

"Mgeni siku mbili, profesa. Ya tatu utampa jembe."

Nilijijua. Siku ya tatu nisingempa jembe. Ningeacha tu vyombo kwenye karai, na yeye, kwa malezi yake mema, angeviosha. Nikamwambia nitapiga simu chuoni hapo hapo.

Murongo simu hunasa mtandao wa ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo nilitoka nikapita kando ya mgomba mmoja hadi mwingine mpaka nilipopata wetu. Mama na binti walinifuata. Nilimpigia msimamizi wa mabweni, mtu mwema ninayekunywa naye chai. Nilianza kumweleza kwa mpango: binti anatoka wilaya ya mpakani, wazazi wake ni wachuuzi, amefaulu vizuri. Akanikatiza.

"Mwalimu, ni ndugu yako?"

Wote wawili walikuwa wananitazama. Binti alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake kwa mikono yote.

"Ni mwanangu," nilisema. Kwa hesabu za kwetu ni kweli.

"Ungeanzia hapo! Mwanao atakosaje? Nimeshamwandika."

Binamu yangu alipiga kigelegele mpaka wanaume wakasimama na vikombe vyao kuuliza kulikoni. Binti hakupiga kelele. Alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini swali lake la kwanza la chuo: maktaba hufungwa saa ngapi? Nikamjibu. Akauliza la pili, akauliza la tatu, nami nikawa najibu huku furaha yangu ikiwa na mchanga ndani yake. Vitanda havikuwa vimeongezeka kwa sababu nimepiga simu. Mahali fulani, labda Bweranyange, labda mbali zaidi, yuko msichana mwingine aliyefaulu, ambaye mama yake mdogo hafundishi popote, na ambaye utaratibu nilioudai mimi ungemfikia. Nimesogeza mmoja mbele ya foleni, na foleni ni ile ile niliyosema inyooshwe.

Ningeweza kupiga tena. Mtandao ulikuwepo. Ningemwambia msimamizi alifute jina, binti asubiri zamu yake pamoja na wengine wote.

Binti aliuliza kama wanaruhusiwa kwenda na vitabu vya maktaba bwenini. Nikamwambia vingine vinaruhusiwa, nikaitia simu mfukoni, tukaenda kula.