Waliponikatalia Rubisi

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya kijijini kwetu Ntobeye ambayo hadi leo nikifumba macho inanirudia. Nimelala chali ndani ya ingobyi, ile machela yetu ya kusukwa inayobebwa na watu wanne mabegani. Nina homa kali. Juu yangu mbingu inayumba taratibu, majani ya migomba yanapita, ukungu unakuja na kuondoka, na sauti za wanaume zinaitikiana: "Jiwe mbele." "Tumeliona." Sikujua ni akina nani walionibeba. Nilihisi kama kilima chenyewe kinatembea nami. Enzi hizo gari la wagonjwa tulilisikia tu kwa watu.

Nilipona, lakini kupona kwenyewe kulikuwa nusu nusu. Miguu ilibaki miembamba, majirani wakaniletea uji na kuniita maskini. Nikazoea. Sikufichi, uji wa kuletewa ni mtamu. Kutwa nilikaa barazani nikitazama mawingu yakielea kwenda upande wa Burundi, kijana mzima wa kuoa, na taratibu nikawa nasahau kwamba nami ni mtu wa kutumwa kama wengine.

Mama ndiye aliyenisukuma nikawashukuru wabebaji. Nikajikongoja hadi kwa Mzee Bonifasi, kiongozi wa chama chao, na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi.

"Shikamoo, mzee. Nimewaletea asante."

"Marahaba. Hicho kibuyu mrudishie mama yako. Hapa ukishabebwa, unaingia chamani, unabeba."

"Mzee, mimi bado mgonjwa."

"Nani kakwambia? Tulikubeba ili uwe mtu. Hatukukubeba uwe mgonjwa wetu."

Nilikasirika, tena sana. Nikarudi nyumbani na kibuyu changu, chakula cha jioni kikanishinda.

Haukupita muda chama kikaitwa bondeni, nami wakanipitia nyumbani. Mke wa mfugaji mmoja aliyehamia kutoka Shinyanga alikuwa na uchungu tangu jana yake, na mtoto hatoki. Mzee Bonifasi hakuniuliza kama naweza. Alinipa kazi ya kutangulia na kutaja mawe na mashimo, nami nikatangulia ndani ya ukungu, nikitaja. Kwenye mwinuko wa mwisho mbebaji mmoja aliteleza akaumia goti, machela ikainama, yule mama akalia. Kabla sijafikiri, nilikuwa nimeshaingiza bega langu pale lilipotoka la mwenzangu. Uzito ule sikuutegemea. Nikaogopa kwamba nitamwangusha yeye na mtoto wake.

Ndipo nikasikia sauti yake karibu na sikio langu: "Polepole, kaka."

Kaka. Miezi yote ile nilikuwa maskini. Machozi yalinitoka, sikuwa na mkono wa kuyafuta, nikapanda nayo. Tulimfikisha kituo cha afya, akajifungua salama, na mimi nikarudi nyumbani na njaa ya mtu aliyetoka kazini.

Ndiyo maana nimekuita tuzungumze. Kituo cha huduma za jamii hapa katani kimekufundisha kushona na kukupa cherehani, nami nafurahi mpaka najisahau. Lakini usiishie kuwapelekea kuku wa shukrani ofisini. Mtafute binti aliyejifungia kwao kwa sababu ya ugonjwa au ya kuachwa, mkalishe kwenye kiti chako, mwache aharibu kitambaa kidogo. Kumhurumia ni rahisi, na yeye atazoea kuhurumiwa kama nilivyozoea mimi. Mpe kazi, hata ikiwa ndogo, na umtegemee kweli, ili asipoifanya, kazi yako ikwame.

Mungu akubariki, mwanangu. Aibariki kazi ya mikono yako na nyumba yako, na siku binti huyo atakapokuita dada, umwitikie.